Kilele cha Pishi

Katibu hakunywa soda ya kampuni. Kila mkutano baina yetu na uongozi ulifunguliwa kwa kreti za soda na sahani za visheti, na sisi wanawake wa ghalani tulikuwa tushaanza kutafuna kabla Fatiha haijesha. Yeye alikuja na chupa yake ya chai, akaiweka sakafuni baina ya miguu, akakaa karibu na mlango. Siku moja nilimuuliza kama ana sukari. Akasema hana sukari, ila mtu akishakunywa soda ya mwenziwe sauti humpungua. Nikamwambia mbona mie nimekunywa na sauti ninayo.

"Yako haijasikika hata siku moja, Bi Zuhura," akasema. "Utajuaje kama imepungua?"

Nilimnunia mpaka mwisho wa mwezi. Ndivyo alivyokuwa. Alikuwa upande wetu, lakini hakujua kuwa upande wa mtu bila ya kumchoma.

Namwita Katibu kwa sababu sote tulimwita hivyo, na mkewe pia, na watoto wa skuli waliokuwa wakimwamkia njiani. Kazi yake hasa ilikuwa kutunza stoo katika ghala la mwani, lile lililoko njia ya kwendea Vitongoji. Ukatibu ulikuwa wa tawi la chama cha wafanyakazi, na tawi lenyewe lilikuwa sisi wanawake tunaosafisha mwani, wanaume wachache wa mashine ya kufunga marobota, na mlinzi mmoja ambaye kila akiitwa mkutanoni husema yuko lindoni. Tawi lilikufa zamani. Jina likabaki kwake kama kovu.

Mwani ulitufikia mkavu, ndani ya mapolo, yaani magunia, kutoka kwa wanawake wa pwani. Wao walipewa kamba na kampuni, na aliyepokea kamba hakuweza kumuuzia mwengine. Bei ilipangwa na watu ambao hatujawaona, katika nchi ambazo hata Meneja alizitaja kwa kubahatisha. Sisi kazi yetu ilikuwa kutoa mawe, makombe na vipande vya kamba, na kukung'uta chumvi. Chumvi ile inakula vidole. Mikono yangu ilipasuka hata nikawa siwezi kukatia pilipili, na nyumbani mwanangu Salma ndiye aliyeshika kisu.

Katibu alipenda maneno mazito. Hakusema tumechoka, alisema "hali ya wafanyakazi kimsingi hairidhishi." Akienda ofisi za Wete kulalamika, na alikwenda mara nyingi, alivaa kanzu iliyopigwa pasi hadi ikasimama yenyewe, na akirudi alitusimulia kila alichosema yeye na kidogo sana alichojibiwa. Asha, shoga yangu niliyekaa naye jamvi moja kazini, alikuwa akimwigiza vizuri. Alikunja uso, akavuta pumzi ndefu, akasema, "Kwa mujibu wa sheria, bibi, huo mkia wa samaki ni wangu." Tulicheka hadi tukakohoa vumbi la chumvi.

Na alikuwa bahili. Nalisema bila ya kusengenya, maana yeye mwenyewe kalisikia mara nyingi. Majani ya chai aliyachemsha hadi maji yakawa hayajui tena kama yalipata kuwa chai. Mtoto wa Asha alipolazwa hospitali, Katibu ndiye aliyepita na kofia kuchangisha, na wa mwanzo kutia mkono ndani alikuwa yeye, na alitia fedha nyingi. Kisha mwaka mzima kila akikutana na Asha akamuuliza, "Mtoto hajambo? Lile changizo lilifaa?" Asha akasema bora angemdai.

Lakini alikuwa na neno moja ambalo hadi leo sijalisikia kwa mtu mwengine, na kwa neno hilo nilimsamehe mengi. Alisema mshahara ni wa tumbo, si wa mkono. Kampuni, alisema, inatazama mkono umefanya nini ikalipa kadiri ya mkono. Lakini mkono haurudi nyumbani peke yake. Unarudi na tumbo, na tumbo lina watoto, na watoto wana skuli, na nyumba ina mgonjwa, na mtaa una maiti ambayo nayo inataka mchango wa sanda. Na kile kima cha chini kinachotangazwa na serikali, alisema, ni sakafu tu. Mtu hawezi kulala sakafuni umri wake wote kisha akaambiwa ana kitanda.

Meneja alikuwa kijana wa Unguja, mstaarabu, aliyetuamkia shikamoo mmoja mmoja asubuhi. Sikumchukia hata siku moja, na hilo ndilo lililokuwa gumu. Alitwambia kwa upole kwamba mishahara ikipanda wanunuzi watahamia visiwa vya watu wengine, ghala litafungwa, na hicho kidogo nacho tutakikosa. Alikuwa akiamini anachosema. Nadhani naye usiku wake ulikuwa na hofu ya watu wa mbali. Akimaliza alipenda kutukumbusha kuwa haba na haba hujaza kibaba.

"Kibaba cha nani, Bwana Meneja?" Katibu akauliza kutoka mlangoni.

Hata mlinzi alicheka siku hiyo. Meneja naye akatabasamu, akafungua soda nyengine.

Basi serikali ikapandisha kima cha chini. Tulisikia redioni, tukiwa tumekaa juu ya majamvi, na Asha akatupa juu konzi ya mwani kama mtu anayerusha mchele harusini. Siku ile nilipika samaki wa nazi, tui zito, na nikamwambia Salma kuwa tuisheni ya hesabu sasa ataendelea nayo mpaka mtihani. Mume wangu alikuwa keshafariki. Nilikuwa na Salma na mdogo wake, na mshahara wa mwezi, na sikuwa na kitu kingine.

Haikupita muda kampuni ikaja na utaratibu mpya. Hatutakuwa tena waajiriwa, tutakuwa washirika. Mshirika halipwi kwa mwezi, hulipwa kwa kila polo analosafisha. Kima cha chini ni cha waajiriwa, mshirika hakimgusi. Meneja alilieleza kwa lugha laini, akasema sasa kila mtu atakuwa bosi wa nafsi yake.

Asha alifurahi. Alikuwa na mikono myepesi, akisafisha mapolo mawili mie nikiwa bado na moja, na kwa hesabu yake atapata zaidi. Tuligombana juu ya jamvi. Nikamwambia yeye ana vidole leo, kesho je. Akaniambia nisimfunge miguu kwa sababu mie nachechemea. Yalikuwa maneno ya kweli ndiyo maana yaliuma. Vidole vyangu vilikuwa vimekwisha, na kwa polo nisingefika hata pale nilipokuwa kabla ya redio kusema.

Katibu akasema tusikubali. Alikwenda Wete na kanzu yake, akarudi, akasema kuna njia, ila sharti sote tuseme neno moja. Alipita nyumba hadi nyumba. Kwangu alikaa barazani akakataa chai, akanieleza tena habari za tumbo na mkono, na nikamwona macho yake yamekuwa mekundu kwa uchovu. Hata Asha alilegea. Alisema, "Haya, mie nimo, lakini Katibu asije akaniuliza tena habari za changizo."

Hapa lazima nieleze habari za karafuu.

Katibu alikuwa na mikarafuu yake Wawi, si mingi, ya urithi, na msimu ukifika aliweka wachumaji kama watu wote. Mchumaji kwetu hulipwa kwa pishi. Jioni huleta karafuu zake mbichi, zishachambuliwa makonyo, vile vijiti vyake, na mwenye shamba huzipima kwa kopo. Pishi ya haki ni ya mfuto, yaani kopo likijaa unapitisha mkono juu ukalisawazisha. Lakini hakuna apimaye hivyo. Kopo hujazwa hadi likafurika, likafanya kilele, na bado likaongezwa hadi karafuu zinamwagika pembeni, ndipo likahesabiwa moja. Wenye mashamba husema kilele ni cha mwenye mti. Wazee wao walisema hivyo, na wazee wa wazee wao. Mchumaji hutazama kile kilele kikipanda, huku anajua kila punje imepanda kwa mgongo wake, na hasemi kitu, maana kesho anataka kurudi.

Na Katibu alipima kwa kilele kama wote. Mwenye kusema mshahara ni wa tumbo alilipa kwa kopo lililofurika, na sidhani kama hata mara moja vitu hivyo viwili vilikutana kichwani mwake. Mshahara ulikuwa mambo ya kampuni, ya ofisi, ya Wete. Shambani hakuna mshahara. Shambani watu hupimiana. Wala si yeye peke yake. Sote tuliokuwa tukichuma kwake siku za mapumziko za msimu, na Asha mmoja wetu, tulitoka kwenye kopo lake tukaenda kumsikiliza juu ya haki, na hatukuona kitu.

Aliyeona ni Meneja. Pengine kwa sababu alikuwa mgeni.

Siku ya mkutano soda zilikuja, na kwa mara ya kwanza hakuna aliyezigusa. Katibu alisimama akasema vizuri kuliko siku zote. Hakutumia maneno mazito. Alisema mtu anayekuja alfajiri na kuondoka magharibi, akaelekezwa la kufanya, akafukuzwa akikosea, huyo ni mwajiriwa hata ukimwita sultani. Alisema kulipa kwa kipande ni kumtupia mfanyakazi hasara ya mvua, ya maradhi na ya uzee. Nilijisikia mrefu. Nilitazama mikono yangu na kwa mara ya kwanza sikuificha.

Meneja akasikiliza hadi mwisho. Kisha akauliza, bila ya kupandisha sauti, "Katibu, samahani. Wachumaji wako msimu huu unawalipa kwa mwezi?"

"Kwa pishi," akasema Katibu.

"Ya mfuto au ya kilele?"

Angeweza kusema uongo. Angeweza kusema hayo si mahali pake, na kweli hayakuwa mahali pake, maana kosa la mtu mwenye mikarafuu michache halihalalishi la kampuni yenye maghala. Haya nimeyafikiri baadaye, nikiwa nafua, nikiwa peke yangu. Siku ile hakuna aliyeyasema. Katibu alimtazama Asha, na Asha akatazama chini.

"Ya kilele," akasema Katibu, akakaa.

Nyuma yangu mtu mmoja akanong'ona kuwa nyani haoni kundule, na kicheko kidogo kikapita, kile cha watu wasiopenda kucheka. Halafu mtu akafungua soda. Nilisikia ule mlio nikajua yamekwisha. Tulikubali siku ile ile, mmoja baada ya mwengine, na mie nikiwemo. Katibu alibaki kitini karibu na mlango hadi wa mwisho katoka, chupa yake baina ya miguu.

Nilimchukia. Nataka niseme wazi, kwa sababu watu husimulia habari za wakubwa wao kama walikuwa wakiwapenda siku zote. Malipo yangu ya mwanzo ya ushirika yalipokuja nilimtoa Salma tuisheni, na yeye akasema "haya mama" bila ya kulia, na hapo nilimchukia Katibu zaidi kuliko Meneja na kuliko wale wa mbali. Wao walikuwa na nguvu, na mwenye nguvu hufanya anavyofanya. Yeye alikuwa na haki tu, akaiacha iende kwa sababu ya vilele vya karafuu. Nilikuwa nikipishana naye njiani, nikiitikia salamu yake ndani ya buibui.

Ndipo ikaja habari kuwa Katibu anapima mfuto.

Asha aliiona kwa macho yake. Alisema kajaza kopo, kapitisha mkono, kamwaga kilichozidi kurudi kwenye pakacha la mchumaji, wala hakutoa hotuba. Kapima jioni nzima hivyo na uso wake umekunjwa kama mtu aliyemeza mwiba. Wachumaji wakadhani anaumwa. Siku ya pili shamba lake likajaa watu, na mashamba ya jirani yakapwaya.

Lakini alikuwa yule yule. Juma lile lile aliondoa muhogo wa mchana, ule wa kuchemsha aliokuwa akiwapa wachumaji. Alisema mfuto na muhogo pamoja havibebeki. Asha akamwambia mbele ya watu, "Katibu, weye na Meneja mwasoma chuo kimoja." Akaondoka kwa hasira. Kesho yake muhogo ukarudi, mchache, na chumvi juu.

Wenye mashamba walimfuata baada ya sala ya Ijumaa. Shemeji yangu alikuwepo, ana mikarafuu na yeye, na ndiye aliyenisimulia. Walimwambia anawaharibia soko. Walimwambia bei ya karafuu hawaipangi wao, mnunuzi ni mmoja na hupokea anavyotaka, na kile kilele ndicho kinachowabakishia kitu. Shemeji alisema yalikuwa maneno yale yale ya Meneja, na kila mmoja aliyasema kwa uchungu wa kweli. Katibu akawajibu kuwa wanasema kweli na kwamba yeye hatorudi. Msimu ule hakuna aliyemwazima majamvi ya kuanikia. Mvua ikamnyeshea karafuu zake nyingi, alizozianika barabarani.

Si kwamba dunia ilibadilika. Wengine wanapima kilele hadi leo. Katibu alifika umri wa kuacha kazi, kampuni ikamuaga kwa saa ya ukutani, na nasikia aliitundika chooni. Ghala likabadilishwa jina mlangoni. Meneja aliondolewa, yuko Unguja, anauza vigae. Mie vidole vilinishinda nikatoka.

Msimu huu nilikwenda kuchuma kwake. Mashamba mengine yanataka vijana wa kupanda juu. Yeye huwaacha wanawake wa umri wangu wachume matawi ya chini, tukisimama. Nilimkuta amekaa juu ya kibao cha mbuzi ya nazi kando ya jamvi, jicho moja lina ukungu, mikono inatetemeka, na chupa ya chai ni ile ile. Nikampa shikamoo. Akaitikia, akanitazama sana kwa lile jicho zima.

"Salma yupo wapi siku hizi?"

Nikamwambia kaolewa Wete, anauza katika duka la vitenge la mumewe. Hakuuliza habari za skuli. Akauliza Asha. Nikamwambia Asha bado yupo ghalani, mikono haiendi tena, na bei ya polo ni ile ile. Sasa wasichana wapya husafisha mawili yeye akiwa na moja.

"Kachoka?"

"Kachoka, Katibu."

Akatikisa kichwa. Ile chuki nikaitafuta nikaikuta imekuwa nyepesi, kama karafuu iliyokaushwa mara mbili.

Jioni nikaleta pakacha langu. Kopo lilikuwa mbele yake, lakini akalisukuma kwangu. Akasema mikono yake sasa inamwaga. "Pima mwenyewe, Bi Zuhura."

Nikachota, nikajaza. Nilikuwa nafikiri habari za Asha. Nikaongeza konzi, na nyengine, hadi karafuu zikapanda zikafanya kilele kizuri, kilichochongoka, na punje zikaanza kuteremka pembeni. Kisha nikanyanyua macho kumsubiri ahesabu moja.

Hakuhesabu. Alikuwa akinitazama.

"Nani kakwambia ufanye hivyo?" akauliza taratibu.

Hakuna aliyeniambia. Akanyoosha mkono wake, ukipigapiga ukingo wa kopo, akaupitisha juu, na kilele chote kikarudi kwenye pakacha langu. Akasema moja. Akanisukumia kopo tena.

La pili nililifuta mwenyewe. Mkono ulikuwa mzito, na wakati ule karafuu zinamwagika kurudi kwangu nilitazama nyuma, kama mtu anayeiba.